Mtoto Aliyelia Mara Moja

Ukitaka kujua ni watoto wangapi wa Tanzania hufariki kabla ya kutimiza miaka mitano, vyeti vya vifo havitakusaidia. Ile takwimu inayonukuliwa magazetini na kwenye hotuba, kwamba hufariki 43 katika kila watoto 1000 wanaozaliwa hai, ilitokana na utafiti wa kitaifa wa mwaka 2022, na utafiti huo uliipata vinywani mwa akina mama. Wadadisi walipita nyumba hadi nyumba na dodoso, wakaketi na wanawake wenye umri wa miaka 15 hadi 49, wakamwomba kila mmoja awataje watoto wote aliowahi kuwazaa, mmoja baada ya mwingine, walio hai na waliotangulia mbele ya haki.

Nimekuwa mdadisi kwa sehemu kubwa ya maisha yangu ya kazi. Nilianza na tafiti za namna hiyo, baadaye nikahamia kazi iliyo nzito zaidi, ya kwenda kwenye nyumba iliyofiwa na mtoto na kuuliza alikufaje. Vijiji nilivyovizoea ni vya Pwani na kusini mwake, kwa watu wa mpunga, korosho, minazi na samaki. Miaka hiyo yote imenifundisha jambo moja ambalo sijasikia likisemwa wazi kwenye mikutano ya takwimu. Kumbukumbu za vifo vya watoto wadogo huharibika mwanzo kabisa, pale aliyeshuhudia kifo anapoamua aseme au anyamaze. Na anaamua kwa kupima kitu kimoja: kusema kutamletea nini.

Dodoso la uzazi lina mpangilio wake. Unamuuliza mama ana watoto wangapi wa kiume anaoishi nao, wa kike wangapi. Kisha unauliza walioko kwingine, walio shuleni, kwa bibi, mjini. Hapo mama huchangamka, kwa kuwa anawataja walio hai. Ndipo linapokuja swali la waliofariki. Mama akisema hakuna, huruhusiwi kugeuza ukurasa. Lazima udodose: hata mtoto aliyelia, aliyejitikisa, aliyetoa sauti au kujaribu kuvuta pumzi, hata kama ni kwa muda mfupi sana?

Ipo nyumba moja kando ya bonde la mpunga ambayo siisahau. Mama wa nyumba alikuwa anapeta mchele, akanijibu haraka: watoto wanne, wote wazima, alhamdulillahi. Mama mkwe wake alikuwa ameketi mkekani hatua chache kutoka tulipo, anasuka ukili. Nilipododosa, yule mama aliuweka ungo chini. Hakunijibu. Alimtazama mkwewe.

Bibi akasema bila kuinua macho, "Mwanangu, huyo hahesabiwi. Alikaa usiku mmoja tu."

"Niwie radhi bibi," nikamwambia, "huyo wa usiku mmoja ndiye niliyetumwa kumwulizia."

Bibi akasuka mistari miwili mitatu, kisha akamwambia mkamwana wake, "Mwambie basi. Si mwanao?"

Alikuwa wa kiume. Alizaliwa nyumbani wakati wa masika, barabara imekatika, mkunga ni jirani. Alilia mara moja, kwa nguvu, kisha hakulia tena. Chuchu hakuishika. Kabla ya adhana ya alfajiri alikuwa ameshafariki. Jina hakuwa nalo, kwani jina hutolewa siku ya saba, naye hakuifikia. Kwenye safu ya jina la mtoto niliandika "Mtoto", kama tulivyoelekezwa, na umri wa kufa nikaandika siku sifuri. Mama alisogea akachungulia karatasi. Alikuwa anajua kusoma. Akauliza, "Umemwandika wa ngapi?" Nikamwonyesha: wa pili, kati ya binti yake wa kwanza na kaka yake anayefuata. Akaitikia kwa kichwa, akarudi kwenye ungo wake.

Nimewasikia watu wenye elimu kubwa wakisema takwimu zetu ni dhaifu kwa sababu zinategemea kumbukumbu za wanawake wa vijijini. Sikubaliani nao hata kidogo. Mama yule hakuwa amesahau chochote, na mkwewe pia. Walioshika jembe usiku ule kumchimbia kaburi walijua, na aliyesimamia mazishi alijua. Tena swali letu la dodoso, tulilodhani tumeletewa na wataalamu, kijijini lilikuwepo kabla ya serikali yoyote kuhesabu watu. Kwa Waislamu wa Pwani, ambao wengi wanafuata madhehebu ya Shafii, mtoto aliyelia au kuonyesha dalili ya uhai akishafariki huoshwa, hukafiniwa na kuswaliwa. Asiyeonyesha dalili yoyote haswaliwi. Kwa hiyo usiku ule ule, kabla jua halijachomoza, kuna mtu aliuliza, "Alilia?" na akajibiwa kwa ukweli, kwa sababu jibu lilikuwa na kazi: lilimpa mtoto haki yake. Mwezi mmoja baadaye ofisi ya mtendaji wa kijiji haikuwa na habari ya mtoto huyo, na haikuwepo sababu ya mtu yeyote kutembea mpaka huko kuipeleka.

Aliyeelewa mapema kwamba wanawake wanajua ni Mskoti mmoja, William Brass, aliyefika Nairobi mwaka 1948 kufanya kazi katika idara ya takwimu ya Afrika Mashariki, mwaka ule ule wa sensa ya watu katika nchi hizi. Usajili wa vizazi na vifo vya Waafrika wengi haukuwepo. Brass alitengeneza njia ya kukadiria vifo vya watoto kwa maswali mawili mepesi aliyoulizwa mwanamke: umezaa wangapi, na wangapi wamefariki. Kwa kupanga majibu kufuata umri wa mama, aliweza kukadiria uwezekano wa mtoto kufa kabla ya kutimiza mwaka mmoja, miwili, mitatu, mitano. Njia hiyo ilienea dunia nzima, kila mahali pasipo na vyeti. Naona fahari kwamba ilichipuka huku kwetu, kutokana na majibu ya bibi zetu. Lakini nasikitika kwamba zaidi ya miaka sabini baadaye bado tunaihitaji.

Yako mambo ambayo mahojiano hayayawezi vizuri. Umri wa kufa ni mojawapo. Ukiuliza mtoto alikuwa na umri gani, majibu hujikusanya kwenye "mwaka mmoja". Dodoso linakulazimisha ung'ang'anie hapo: miezi mingapi hasa? Maana mtoto wa miezi 11 huhesabiwa katika vifo vya watoto wachanga wa chini ya mwaka, na wa miezi 13 hahesabiwi humo. Mama hana kalenda ukutani. Ana Ramadhani, ana mavuno, ana mwaka wa El Niño maji yalipofika mlangoni, ana wiki aliyofariki Mwalimu Nyerere. Unamshika mkono mnarudi pamoja. Alikuwa ameanza kutembea? Meno? Ulikuwa umeshapata mimba ya huyu mdogo? Mdadisi mwenye haraka huandika 12 na kuondoka, na zile 12 nyingi zilizorundikana ndizo mtakwimu huzitazama kwanza anapotaka kujua kama kazi ilifanywa vizuri.

Hayo yote ni ya nyumbani. Nilipoanza kazi ya mahojiano ya vifo nikaingia kwenye vituo vya afya pia, na huko ndiko nilikopata uchungu.

Kazi yenyewe huenda hivi. Katika eneo lililochaguliwa kufuatiliwa, kila kaya hutembelewa mara kadhaa kwa mwaka, na kila kijiji kina watu wanaotoa taarifa: nani kazaliwa, nani kahama, nani kafariki. Kifo kikitokea, familia huachwa iomboleze kwanza. Baadaye mdadisi hufika, huomba ridhaa, kisha humsikiliza aliyemuuguza marehemu, tangu dalili ya kwanza mpaka mwisho. Kama kuna kadi ya kliniki au karatasi ya hospitali, hunakiliwa. Maelezo hayo husomwa na madaktari wawili, kila mmoja peke yake, nao huamua chanzo cha kifo. Wakitofautiana, anatafutwa wa tatu.

Kwa vifo vya watoto wachanga nilianza kuona kitu kinajirudia. Karatasi ya kituo inasema mtoto alizaliwa mfu. Mama ananiambia, "Alikuwa anavuta pumzi kwa shida, nilimwona tumbo likipanda na kushuka." Mmoja wao anakosea, au mmoja wao hasemi.

Siku moja niliomba kuona rejesta ya wodi ya wazazi katika kituo kimoja, kitabu cha 12 cha MTUHA, mfumo wa taarifa za huduma za afya, kile kikubwa kinachofunuliwa kwa mikono miwili. Mstari ulikuwa wazi mbele yangu. Uzito, kilo tatu na ushei. Alama za Apgar zile zinazopima pumzi, mapigo, rangi, mshtuko na misuli: dakika ya kwanza 2, dakika ya tano 0. Mbele yake, kwenye hali ya mtoto, herufi FSB, yaani mfu aliyefariki muda si mrefu kabla ya kuzaliwa. Mstari mmoja, mwandiko mmoja, wino mmoja. Mtoto mwenye alama 2 dakika ya kwanza ana mapigo ya moyo, au ana pumzi, au vyote. Kwa tafsiri ya Shirika la Afya Duniani, inayotumika tangu mwaka 1950, mtoto akitoka akapumua, au moyo ukapiga, au kitovu kikadunda, au akajitikisa, huyo amezaliwa hai. Aliishi dakika chache, akafa. Kitabu kilisema hakuishi.

Muuguzi aliyeandika alikuwa mwanamke wa makamo, amechoka, mwenye heshima zake. Sikumhoji kama polisi. Nilimwamkia, nikamwambia ninachokiona, nikanyamaza. Naye hakukasirika. Alisema, "Dada, usiku ule nilikuwa peke yangu. Kulikuwa na mama mwingine anatoka damu. Nikiandika kwamba alizaliwa hai akafa, naitwa kwenye kikao nieleze kwa nini sikumpumulisha. Nikiandika FSB naulizwa kwa nini sikusikiliza mapigo kila nusu saa. Nikiandika MSB, kwamba alifia tumboni siku nyingi, hakuna anayeniuliza kitu." Akavuta pumzi. "Hiyo ya mwisho sikuiandika. Ingekuwa uongo mno."

Maneno yale yamekaa nami. Alikuwa na ngazi tatu za kujibu, na kila ngazi ilivyokaribia ukweli ndivyo adhabu ilivyozidi. Akasimama ya katikati. Nimekutana na wengine wengi walioshuka mpaka ya chini, na siwezi kuwalaumu kwa wepesi. Aliyewaweka peke yao usiku na akina mama wawili, bila mtu wa pili wa kushika mfuko wa kumpumulishia mtoto, hakuandikwa popote kwenye rejesta.

Mtu anaweza kusema ni herufi tu, mtoto amekufa kwa vyovyote. Sivyo. Aliyeandikwa mfu haingii kwenye ile hesabu ya 43, kwa sababu hesabu hiyo ni ya waliozaliwa hai. Haingii kwenye vifo vya siku 28 za kwanza. Na kubwa kuliko hilo, mtoto anayeonekana mfu hapewi pumzi. Kuanzia mwaka 2009 wakunga wa hospitali nane za Tanzania walifundishwa hatua chache za kumhuisha mtoto asiyelia ndani ya dakika yake ya kwanza: mkaushe, mchangamshe, safisha njia ya hewa, mpumulishe kwa mfuko na barakoa. Matokeo yalichapishwa mwaka 2013. Vifo vya saa 24 za kwanza vilipungua kwa asilimia 47. Na wale walioandikwa kuwa wafu wa muda mfupi nao walipungua, kwa asilimia 24. Soma hiyo ya pili polepole. Mfuko wa hewa haumfufui mfu. Maana yake ni kwamba miongoni mwa watoto waliokuwa wakifungwa kwenye khanga na kuwekwa pembeni, wapo ambao moyo ulikuwa bado unapiga.

Ndiyo maana nashikilia kwamba kumbukumbu sahihi ni sehemu ya tiba yenyewe. Anayelazimika kuandika "hai" hulazimika kwanza kutazama.

Kinachonikera zaidi ni namna ngazi za juu zinavyozipokea namba. Niliwahi kukaa kwenye kikao cha robo mwaka cha wilaya moja. Kituo kimoja kidogo kilikuwa kimepata mganga mfawidhi mpya, kijana, aliyewaambia wauguzi wake waandike kila kifo kama kilivyotokea, yeye atasimama mbele. Wakaandika. Vifo vya watoto wachanga vya kituo hicho vikaonekana kupanda ghafla kuliko vya majirani zake wote. Kikaonyeshwa ukutani kwa rangi nyekundu. Kijana akasimamishwa kujieleza, akaeleza vizuri kabisa kwamba watoto hawakuongezeka kufa, walioongezeka ni wanaoandikwa. Hakuna aliyemwelewa, au hakuna aliyetaka. Vituo vilivyoleta sifuri, vyenye uzazi mwingi kuliko chake, vilipigiwa makofi. Mtu yeyote anayejua uzazi anajua kwamba sifuri kwa miezi mitatu, mahali panapozaliwa mamia ya watoto, inahitaji kuchunguzwa kuliko namba yoyote nyekundu. Robo iliyofuata kituo cha yule kijana nacho kilileta sifuri.

Upande wa chanzo cha kifo mambo ni marefu, nitagusa yaliyonigusa. Kwa miaka mingi homa yoyote ya mtoto iliitwa malaria, kijijini na hospitalini vilevile. Utafiti uliochapishwa mwaka 2004 katika hospitali kumi za kaskazini mashariki mwa Tanzania ulichunguza upya damu za wagonjwa waliolazwa na kutibiwa malaria kali. Chini ya nusu ndio waliokutwa na vimelea. Ng'ambo ya mpaka, Kilifi nchini Kenya, watafiti waliopima damu ya kila mtoto aliyelazwa walionyesha mwaka 2005 kwamba bakteria kwenye damu walihusika na zaidi ya robo ya vifo vya watoto wodini, kuliko hata malaria. Sasa fikiria watoto wote wa miaka ile waliopewa kwinini peke yake wakiwa na ugonjwa mwingine, wakafa, na kwenye faili kikaandikwa kile kile walichotibiwa. Faili likathibitisha tiba, tiba ikathibitisha faili. Hakuna mtu aliyedanganya hapo. Kipimo hakikuwepo, na mazoea yakajaza nafasi.

Kisha kuna degedege. Mama wa Pwani akikueleza mtoto alikakamaa, akageuza macho, mikono ikakunjika, hana haja ya kumaliza, umeshajua. Tuliingia kazini tukiwa tumefundishwa kwamba watoto hawa hufa kwa sababu wazazi wanakimbilia kwa mganga wa kienyeji, wanaogopa sindano. Ni kweli hofu ya sindano ilikuwepo, na mimi nimeisikia kwa masikio yangu. Lakini mahojiano ya vifo yaliyofanywa Rufiji, kwa watu waliokufa kati ya 1999 na 2001 kwa homa zilizohusishwa na malaria, yalionyesha kwamba karibu wanane katika kila kumi walianzia kwenye tiba ya kisasa. Walikuwa wamekwenda zahanati. Walikuwa wamenunua dawa dukani. Na wakafa. Lawama iliyokuwa imebebeshwa akina mama ikahamia mahali pengine: kwenye dawa zilizokwisha nguvu, kwenye zahanati isiyo na gari, kwenye rufaa ya kilomita nyingi na mtoto mgongoni. Bila mtu kwenda kuketi mkekani na kuuliza siku ya kwanza ilikuwaje, ya pili, ya tatu, tungeendelea kuhubiri dhidi ya waganga.

Rufiji ile ile, pamoja na Morogoro Vijijini, kulikuwa na mradi uliozipa timu za afya za wilaya picha ya magonjwa yanayoua watu wao kweli, pamoja na fedha kidogo za nyongeza. Wakaona malaria inachukua maisha mengi na kupewa sehemu ndogo mno ya bajeti. Wakapanga upya: vyandarua, matibabu jumuishi ya watoto, usimamizi wa zahanati. Katika miaka michache vifo vya watoto kwenye wilaya hizo mbili vikashuka kwa zaidi ya asilimia 40. Mahojiano yaliyozaa picha zile yalifanywa na wadadisi kama sisi, na baadhi ya familia walizozihoji ndizo zilizopata vyandarua. Kazi yetu mara chache humrudia aliyetoa habari. Hapo ilimrudia.

Nirudi kwenye vyeti. Sheria ya usajili wa vizazi na vifo ipo tangu enzi ya Mwingereza, na inataka kifo kiarifiwe ndani ya siku 30. Mtu mzima akifa, familia huenda kusajili kwa sababu kuna mirathi, kuna mafao, kuna akaunti ya benki. Mtoto wa siku tatu hana shamba wala akaunti. Baba apoteze siku ya kazi, alipe nauli, kwa karatasi ya kuifanyia nini? Upande wa vizazi, wakala wa usajili wa serikali, RITA, walilielewa hili. Mwaka 2013, kuanzia Mbeya, walianza kuandikisha watoto wa chini ya miaka mitano bila malipo, kwenye vituo vya afya na ofisi za kata, na taarifa zikitumwa kwa simu. Watu waliitikia kwa sababu huduma iliwafuata waliko na cheti kilikuwa na kazi, shule na mengineyo. Mtoto anayefariki kabla mama hajatoka arobaini haoni mlango wa mpango huo. Angeuona kama anayesajili mtoto aliye hai angekuwa na wajibu, katika kitabu hicho hicho na siku hiyo hiyo, wa kumsajili aliyefariki, kizazi na kifo kwa pamoja.

Utafiti wa mwaka 2022 ulikuta kati ya vifo vile 43, vifo 24 ni vya mwezi wa kwanza wa maisha. Mwaka 2015/16 vilikuwa 25. Wakati huo huo vifo vyote vya chini ya miaka mitano vilitoka 67 hadi 43. Kwa maneno mengine, chanjo, vyandarua na dawa vimewaokoa wakubwa kidogo, na sasa zaidi ya nusu ya msiba imejikusanya pale pale penye giza la kumbukumbu: saa za kwanza, usiku, kwenye rejesta yenye herufi tatu.

Nikiulizwa tuanzie wapi kurekebisha, nasema tuanzie na kadi ya mjamzito, kwa kuwa hapo ukweli una faida kwa anayeusema. Mama anapoanza kliniki anaulizwa mimba za nyuma: ngapi, walio hai wangapi, waliozaliwa wafu, waliofariki wiki ya kwanza. Majibu hayo huamua kama atazalia zahanati au atapewa rufaa. Niliwahi kuketi kwenye benchi la kliniki karibu na binti mmoja mwenye mimba ya tatu. Alipoulizwa alisema uzazi wake uliotangulia ulikuwa mfu, kama karatasi yake ilivyosema. Mkunga, mama mtu mzima, hakuandika. Aliweka kalamu, akamuuliza kwa sauti ya chini, "Alipotoka, alilia?" Binti akasema alilia kidogo, akawa wa bluu. "Uchungu ulikaa muda gani?" Tangu asubuhi mpaka usiku wa pili. Mkunga akaandika: alizaliwa hai, akafariki siku hiyo hiyo, uchungu wa muda mrefu. Kisha akageuza kadi, akaweka alama kwenye sehemu ya rufaa, akamwambia, "Mwanangu, huyu hutamzalia hapa. Mwezi wa nane ukiingia, mwambie mumeo atafute pa kukaa karibu na hospitali ya wilaya, penye chumba cha upasuaji. Akibisha, mlete kwangu."